Etiketi za Maji ya Bomba

Biryogo, Kigali
Alhamisi, baada ya Alasiri, mwaka wa pili wa vita

Mwanangu Zaina,

Usicheke mwandiko. Umekwenda kuwaaga akina Mama Saidi, na najua pale hutoki kabla hawajakulisha chai na maandazi na kukutwika salamu za kuwapelekea watu wa Tabora ambao nusu yao walishakufa. Kwa hiyo nina saa mbili hivi. Nimefunga mlango, nimekaa kwenye cherehani ya marehemu baba yako kwa sababu ndiyo meza pekee humu ndani isiyoyumba, na ninaandika.

Sitakwambia habari za begi, wala kitambulisho, wala vizuizi vya njiani. Hayo umeambiwa na mtaa mzima. Hata muuza nyama alikusimamisha jana akakufundisha jinsi ya kumjibu askari. Mimi nina jambo moja, na limenikaa kooni siku tisa, tangu uliposimama hapo mlangoni ukaniuliza, "Kwa ajili ya maji, mama? Maji machafu?" Tangu siku hiyo unanijibu "ndiyo" na "hapana" kama mpangaji wa chumba cha uani.

Unangoja nikuombe radhi kwa kumkatalia mkurugenzi wa kiwanda. Umengoja kwa adabu, bila kelele, nami nimekuona. Basi nikwambie mapema usije ukasoma kurasa zote ukiitafuta: kwa hilo siombi radhi. Akija kesho nitamjibu vilevile. Ninayo radhi ya kukuomba, tena kubwa, lakini si hiyo unayoidai. Hiyo nyingine hata hujui kama unanidai.

Ulikuwa na miaka saba baba yako alipofariki. Nilijaribu kuendeleza kazi yake hapa hapa kwenye cherehani, lakini mashati yangu yalitoka na mkono mmoja mrefu na mmoja mfupi. Wateja wakaniambia pole, kisha wakapeleka vitambaa vyao kwa fundi mwingine. Ndipo nikateremka Gikondo, kwenye kiwanda cha kutia rangi vitambaa vya sare za shule. Wakaniweka chumba cha kufulia. Kitambaa kikitoka kwenye rangi hakijawa tayari. Lazima kipite kwenye tangi la maji ya moto yenye sabuni ili kiteme rangi yote isiyoshika, la sivyo mtoto akinyeshewa mara moja tu anafika nyumbani na miguu ya buluu. Kwenye tangi hilo nilisimama miaka yote. Wiki hii buluu, ya magauni ya wasichana. Wiki ijayo kaki, ya wavulana. Gauni lako la darasa la kwanza lilipita mikononi mwangu likiwa bado jora.

Na rangi iliyotemwa ilikwenda wapi? Ilishuka mferejini, ikapita chini ya ukuta, ikaingia bondeni, kwenye kinamasi tunachokiita igishanga, wanakolima magimbi na viazi vitamu. Mtu akisimama juu kilimani Rebero wiki ya buluu aliuona ule mstari bila kuelekezwa. Mimi niliuona kila siku. Nilikuwa nasema moyoni kwamba maji ni maji, yatajisafisha yenyewe huko mbele.

Kisha ofisi moja ya serikali huko Kimihurura ikaanza kudai chupa. Kila Alhamisi kiwanda kipeleke chupa moja ya maji yanayotoka, wayapime. Mkurugenzi aliniita. Unamjua, yule mtu mpole mwenye miwani, anayewauliza wafanyakazi hali za watoto wao kwa majina. Hakunifokea wala hakunitisha. Aliniambia, "Mama Zaina, wewe ni mtu wa maji. Utanijazia chupa kila Alhamisi. Uchukue tu ya robine, ile ya nje. Ni formalite, utaratibu tu."

Nikachukua ya bomba.

Nimeuandika mstari huo peke yake ili usiupite. Ilikuwa Alhamisi moja, ikawa mbili, ikawa miaka. Mara ya kwanza nilitazama nyuma kabla ya kufungua bomba. Mara ya tatu nilikuwa ninajaza chupa huku nikipiga soga na mlinzi. Mtu hazoei uongo kwa kuupenda, anauzoea kwa kuwa una siku yake maalumu ya wiki.

Sasa nakuja kwako. Chupa ilitaka karatasi ya kubandika, ile wanayoiita etiketi, iandikwe kwa Kifaransa kizuri: maji ya kutoka, tarehe, jina la kiwanda. Mwandiko wangu ndio huu unaouona. Mkurugenzi aliutazama akatabasamu, akasema, "Si una mtoto anayesoma?" Basi nikawa nakuletea zile karatasi nyumbani. Ulikuwa unakaa hapa hapa nilipokaa, ulimi umeutoa kidogo pembeni ya mdomo, unaandika *Eau de sortie* kwa herufi zenye mikia. Zikiwa kumi unazipanga zikauke. Ukikosea mkia unachana unaanza upya. Siku moja ukaniuliza, "Mama, haya maji yanatoka wapi?" Nikakujibu, "Yanatoka kiwandani." Na bomba lilikuwa ndani ya ua wa kiwanda, kwa hiyo nikajisifu kwamba sijamdanganya mtoto wangu.

Ndivyo ilivyokuwa, mama. Kila chupa ya uongo iliyotoka mikononi mwangu ilivaa mwandiko wako. Hili ndilo sikukwambia siku ile ya ugomvi, maana ulikuwa umenikasirikia kwa jambo zuri, nami sikuwa na ujasiri wa kukupa jambo baya la kunikasirikia.

Ngoja nikueleze ilivyogeuka, kwa sababu haikugeuzwa na wema wangu. Iligeuzwa na kitambaa.

Unamkumbuka Konsolata, mama wa bondeni anayetuletea magimbi Jumamosi, mwenye kicheko cha kuamsha mtaa. Wakati huo nilikuwa simjui. Alipanda mpaka kwenye geti la kiwanda na kitambaa chake cha kichwa cha misa, cheupe, kimeingia michirizi ya buluu. Mlinzi alidhani amekuja kulalamika akataka kumfukuza. Kumbe mwanamke wa watu amekuja kuuliza shida ya ufuaji.

"Mama, unisaidie," akaniambia. "Nafua, nafua, bulu iko inabaki. Wamesema wewe iko mtu ya sabuni. Ni dawa gani inatoa hii?"

Nilitamani ardhi inimeze. Angenitukana ningemjibu, matusi nayajua. Lakini aliniuliza kama mwanamke anavyomuuliza mwenzake, hakujua kwamba anaongea na mtu anayeijaza ile chupa. Jumapili nikashuka kwake na mche wa sabuni.

Kisima chake kilikuwa shimo kando ya mfereji wetu. Tukachota karai zima, maji ya buluu kama wino, nikakwangua sabuni nyingi, tukafua. Kitambaa kilikataa. Tukabaki na karai la povu la buluu na hatuna maji mengine ya kusuuzia. Hapo nikamkumbuka bibi yangu. Yeye, kama wazee wake wa pwani, hakunywa maji ya mtungi kabla hajayazungushia kipande cha shabu, yale mawe meupe ambayo vinyozi wetu wa Biryogo wanampaka mtu aliyekatwa na wembe. Nilikuwa nimewahi kuijaribu shabu kwenye maji ya kiwandani, siku moja ya uvivu, kwenye kopo. Matope yalizama, buluu ikabaki palepale inanitazama. Kwa hiyo sikutarajia kitu. Nilimtuma binti wa Konsolata dukani kwa kinyozi wa Gikondo, akarudi na kipande, nikakisaga, nikakikoroga karaini.

Zaina, yale maji yalikatika. Yalikatika kama maziwa yanavyokatika ukiyatilia ndimu. Vikatokea vibonge laini, vikashikana, vikapanda juu, na vilikuwa vya buluu. Chini yake maji yakabaki meupe, nikauona mpasuko wa karai ambao Konsolata mwenyewe hakuwa anaujua. Tukatazamana. Konsolata akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akautoa, akaunusa. "Yewe," akasema, "imekamata."

Baadaye nilielewa kwa kurudia mara nyingi. Shabu peke yake haiwezi kuishika ile rangi. Sabuni inaishika, lakini inaelea nayo majini, wala huioni. Shabu inakuja kuikamata sabuni, na sabuni haimwachi mwenzake, wanatoka wote pamoja. Sabuni kwanza, shabu baadaye, ukigeuza hupati kitu. Sabuni ikiwa kidogo mno rangi inakucheka. Ikizidi unabaki na mapovu. Ukikoroga kwa hasira, vibonge vinavunjika na hukamati tena kitu. Haya niliyajua kwa kiganja, sikusoma popote, na najua wewe ungeyaeleza vizuri zaidi kama ungekaa kwenye darasa la kemia. Nalijua hilo vizuri kuliko unavyodhani. Linaniuma, na sitajifanya haliniumi.

Nilipanda kiwandani Jumatatu na kichwa changu kimejaa. Maji ya tangi langu yalikuwa na sabuni tayari, tena ya moto, tena ya bure, tulikuwa tunayamwaga. Nikaomba pipa moja na shabu ya kwanza nikanunua mwenyewe. Mkurugenzi alikuja kutazama akavua miwani. Alifurahi kwa dhati, sitamsingizia. Akaliita pipa la Mama Zaina. Wageni walipokuja waliletwa kwangu, nikorogee mbele yao, maji yakatike, wapige makofi. Nikavaa kanga mpya siku za wageni. Hukumbuki nilivyokuwa nikirudi nyumbani nikiimba?

Na Alhamisi nikaanza kujaza chupa kutoka kwenye pipa, badala ya bombani. Nikajiona mkweli. Pipa moja, mwanangu, na pembeni yake mfereji mzima ukiteremka bondeni kama jana na juzi. Wewe uliendelea kuniandikia etiketi, mkia baada ya mkia. Nadhani uongo wa bomba ulikuwa na nafuu. Ule nilijua ni uongo.

Kosa la pili lilikuwa langu mwenyewe, hakuna aliyenishauri. Vile vibonge nilivichuja kwa gunia, na kila siku vilikuwa ndoo moja, ndoo mbili. Nikachimba shimo nyuma ya ukuta nikawa navitupa humo, nafukia kwa jembe, naondoka na moyo mweupe. Niliona nimemaliza kazi, kwa sababu maji yalikuwa safi na uchafu siuoni. Masika yalipofika mvua ikanyesha siku tatu mfululizo. Shimo likajaa, ukingo ukakatika, na mgando wa miezi yote ukateremka kwa pamoja ukakaa kwenye matuta ya Konsolata. Si mchirizi tena. Utando mzito kama uji uliolala, juu ya magimbi yake yote.

Nilishuka mbio. Nilimkuta amesimama katikati ya shamba, jembe begani. Hakulia wala hakunisema vibaya. Aliniambia tu, "Mama Zaina, zamani ilikuwa inapita. Sasa iko inakaa."

Kwa siku kadhaa sikula vizuri. Ulidhani naumwa, ukanipikia uji wa mtama. Nilikuwa ninalisikia lile neno. Nilikuwa nimeuita uchafu wote mahali pamoja, ukaitika, ukaja, halafu nikaugeuzia mgongo. Uliotawanyika angalau ulikuwa unamfikia kila mtu kidogo. Niliokusanya mimi ulimwangukia mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa rafiki yangu.

Tuliuondoa kwa karai, mimi na yeye na wanawake wengine wanne, wiki mbili, kila nikitoka kazini. Hapo ndipo walipoanza kuniita Mama Mapovu, na wewe ukaona haya mbele ya wenzako. Mfyatua matofali wa pale bondeni ndiye aliyetuokoa. Alisema tuukaushe, auchanganye na udongo wake, auchome kwenye tanuri. Matofali yalitoka mazuri tu, mekundu kama mengine, buluu haikuonekana tena. Tangu hapo sijatupa hata konzi moja shimoni. Ninaupeleka kwa mikono yangu mpaka kwenye moto, na ninakaa mpaka niuone umeingia.

Baada ya hapo nikaenda kwa mkurugenzi. Nikamwambia pipa moja ni mchezo wa kuwafurahisha wageni, tujenge matangi matatu, maji yote yapite humo kabla ya kufika mferejini, sabuni tunayo, shabu si ghali. Alinisikiliza kwa upole wake ule. Akasema vita, akasema barabara, akasema mwakani. Kisha akaninong'oneza habari nyingine: ile ofisi imeandika barua, inaleta mtu wake, na safari hii wanataka chupa tatu na tamko lililotiwa sahihi na mtu anayechota, kwamba maji ni ya mferejini.

Halafu akakutaja wewe.

"Zaina amemaliza shule, siyo? Anataka kemia? Mimi niko na rafiki pale institut. Barua yangu moja, anaingia. Mtoto ana akili ile, asipotee." Akafungua droo akanionesha karatasi, jina lako limeshapigwa taipu. Nililiona, Zaina. Nililisoma mara mbili. "Wewe utatia sinyatire kwa hii tamko, Alhamisi unaleta chupa kama kawaida. Na mtoto aandike etiketi, ana mwandiko mzuri sana."

Nataka ujue ukweli wa hapo, usije ukadhani mama yako ni jiwe. Kabla ya sentensi ile ya mwisho nilikuwa nimeshashika kalamu. Ningeitia sahihi. Miaka yote ile ya chupa, nini chupa tatu zaidi, na mwanangu akaingia chuo? Kalamu ilikuwa mkononi. Ni aliposema *na mtoto aandike* ndipo nilipokuona hapa mezani, ulimi pembeni ya mdomo, unachana karatasi kwa sababu mkia mmoja umepinda. Nikaona jinsi utakavyoingia chuoni kwa etiketi ya uongo uliyoiandika mwenyewe bila kujua, na siku utakapojifunza kupima maji utapima ya nani?

Nikaiweka kalamu. Nikamwambia, "Patron, mwandiko wa mtoto wangu umekwisha."

Akadhani sijaelewa. Akarudia taratibu, kama anaongea na bibi kizee. Nikamwambia nimeelewa mara ya kwanza. Akasema nitajuta. Nikasema inawezekana, nimeshajuta mambo mengi humu ndani na sijafa. Siku ile nilitoka mle nikitembea katikati ya ua, sikupita pembeni ya ukuta kama tulivyozoea.

Mengine unayajua, kufukuzwa kazi na barua yako kubaki kwenye droo, ila moja hulijui. Alhamisi iliyofuata, nikiwa sina kazi tena, nilishuka bondeni kwa Konsolata, nikachota chupa tatu pale pale mfereji unapotoka chini ya ukuta. Wiki ya buluu, alhamdulillahi, wasije wakasema macho yangu mabaya. Nikaandika etiketi kwa mkono wangu, kwa Kiswahili, kwa sababu Kifaransa kingenisaliti. Nikapanda Kimihurura kwa miguu. Karani wa pale alizitazama zile chupa kisha akanitazama mimi. Nikamwambia afungue daftari lake. Nikamwambia chupa zote za miaka iliyopita zilizotoka kiwanda kile nilijaza mimi, za kwanza bombani, za baadaye kwenye pipa la maonyesho, na kwamba mwandiko wa etiketi ni wa mtoto aliyekuwa hajui anaandikia nini. Nikamwomba aandike hivyo. Akasita, akasema si kawaida. Nikakaa kwenye benchi mpaka ikawa kawaida. Aliandika, akanisomea, nikatia jina langu kamili chini yake, Mwajuma binti Rajabu, na dole gumba juu, wasiseme saini imeghushiwa.

Sijui watafanya nini. Huenda lile daftari limeshafungiwa mlango. Majirani wanasema la kuvunda halina ubani, kiwanda kile ni cha wakubwa, Mama Mapovu amepoteza kazi na chuo cha mtoto pia. Waseme. Mimi na Konsolata tuna mapipa matatu kwenye ukingo wa mfereji. Wanawake wa bondeni wanatuwekea maji yao ya kufulia badala ya kuyamwaga, kinyozi ananiuzia shabu ya chengachenga, na kila Jumamosi tunakatisha maji ya kumwagilia matuta ya watu kumi na moja. Mapipa matatu hayauwezi mfereji, hilo nalijua, usinifundishe hesabu. Lakini yale matuta kumi na moja hayanywi buluu. Mlinzi alitumwa aje ayapindue, akaja, akayazunguka, akaomba kujua kama yanaweza kutoa doa la mafuta kwenye kaunda suti yake. Tutaendelea mpaka wachoke kututuma watu.

Basi radhi yangu ndiyo hii, ipokee au iache, ni haki yako. Nisamehe kwamba nilichukua mkono wako nikausemesha uongo wangu. Nisamehe kwamba ulijivunia kazi ile nami nikakuacha ujivunie. Nisamehe kwamba nilikujibu "yanatoka kiwandani". Unaweza kunikasirikia kwa hayo mpaka Tabora na kurudi, nitavumilia. Kwa kalamu niliyoiweka mezani, usinikasirikie, maana unapoteza hasira yako bure. Hutanipata hapo.

Najua kwenda kwa shangazi yako Tatu huko Tabora kukaa nyuma ya cherehani si ulichokitaka. Ulitaka koti jeupe na vile vichupa vya kioo. Mimi nilikutakia hivyo kabla yako, tangu siku uliponikamata nikikosea kuhesabu vijiko vya shabu ukanisahihisha bila kuinua kichwa kutoka kwenye kitabu chako. Sikubali kwamba yameisha. Mkurugenzi alikuwa na mlango mmoja. Alikuwa anauonesha kama vile ameijenga nyumba nzima.

Nasikia sauti yako kwa Mama Saidi, unacheka, na mimi sijakusikia ukicheka siku tisa. Nifunge haraka.

Barua hii utaikuta kwenye begi lako chini ya kanga ya kijani, pamoja na kipande cha shabu nilichokifunga kwenye kitambaa. Kile kitambaa ni cha Konsolata. Amesema nikwambie michirizi haikutoka, na haivai tena misani, lakini ni kizima na kinafunga vizuri.

Ukifika, shangazi yako atataka kuona barua kutoka nyumbani. Miaka yote barua zangu kwake uliziandika wewe, kwa ule mwandiko wenye mikia, naye akawa anawaonesha majirani zake na kusema wifi yangu amesoma. Safari hii mpe hii, aisome yote, hata pale penye chupa. Atauliza imeandikwa na nani mbona imepinda hivi. Mwambie ni mimi.

Mama yako,
Mwajuma